Bima ya gari lako ni ya yule utakayemgonga

Kila mwenye gari nchini Tanzania analijua swali la wakala wa bima: "Unataka kubwa au ndogo?" Wengi wetu jibu tunalo hata kabla hajamaliza kuuliza: "Nipe ndogo, kaka, ya kupitia trafiki tu." Fedha inatumwa kwa simu, namba ya gari inaingizwa kwenye mfumo, ujumbe unarudi na namba ya stika, kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyeuliza bima hiyo inamlinda nani, inalipa nini, wala nini kitafuata siku mtu atakapolala mbele ya magurudumu.

Jibu hilo la "kupitia trafiki" ndilo lililonisukuma kuandika. Limezoeleka kiasi kwamba tumesahau bima hiyo ndogo, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, iliwekwa kwa ajili ya nani. Iliwekwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe uliyekata bima, wa pili ni kampuni iliyokukatia, na wa tatu ni yule ambaye hamjuani kabisa: mama anayesubiri daladala, mwendesha baiskeli, mtoto anayetoka shule na begi mgongoni. Hajalipa hata shilingi, hajasaini popote, lakini sheria imemhesabu. Askari anapokagua stika yako pale Mwenge au Mbezi, anakagua kwa niaba ya mtu huyo.

Sheria yenyewe ni ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, miaka ya 1940, na imefuata nyayo za sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930. Kenya nayo ina ndugu yake, Sura ya 405, ya kipindi hichohicho. Fikra iliyo nyuma ya sheria hizi ni nyepesi kueleweka. Gari linaweza kumtia mtu ulemavu wa maisha kwa sekunde moja, na madereva walio wengi hawana mali ya kufidia ulemavu huo hata ukiuza kila walicho nacho. Kwa hiyo kabla hujaliingiza gari barabarani, lazima awepo mwenye uwezo aliyekwisha kukubali kulipa kwa niaba yako. Ukiendesha bila hivyo umetenda kosa la jinai, hata kama hujamgusa mtu.

Kiini cha kinacholazimishwa ni fidia ya kifo na majeraha ya mtu mwingine. Bima ndogo zinazouzwa leo huongeza pia mali ya mtu mwingine, kwa maana ya gari ulilolikwangua au ukuta ulioubomoa, lakini kwa kikomo kilichoandikwa kwenye hati. Gari lako mwenyewe halimo. Wewe dereva humo. Na jambo linalowashtua watu wakishachelewa: katika bima nyingi ndogo za magari binafsi, ndugu uliowapakia bure kwenda msibani Tanga au harusini Moshi nao hawamo. Sheria ya Kenya inalisema hili wazi, kwamba ulazima wa kuwakatia bima abiria unawahusu wanaobebwa kwa malipo. Ukiwa kwa wakala wako, muulize swali moja la maana kuliko bei: "Watu ninaowapakia kwenye gari langu wamo?" Akisema wamo, mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Bei si kisingizio. Kwa gari dogo la binafsi bima ndogo imekuwa ikiuzwa Sh100,000 kwa mwaka, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inafika Sh118,000. Igawe kwa siku 365, unapata kama Sh323 kwa siku, pesa ambayo haikufikishi hata kituo cha pili kwa daladala. Kwa kiasi hicho, kampuni inakubali kubeba mzigo ambao ungeweza kuifilisi familia yako. Sijui huduma nyingine ya bei hiyo yenye uzito huo, na ndiyo maana inaniuma kuona tunaitendea kama ushuru wa maegesho.

Namfahamu mama mmoja wa Mbagala aliyekuwa akiuza chakula karibu na kituo cha daladala. Gari dogo liliacha lami, likapanda pembezoni na kumvunja mguu mahali pawili. Dereva hakukimbia. Alimpeleka hospitali, akalipia vipimo na dawa za siku za mwanzo, kisha akarudi na wazee wawili wa mtaa, akatoa Sh300,000, na karatasi ya daftari ikaandikwa kwamba pande zote zimemalizana. Kila aliyekuwepo alimsifu kwa ubinadamu wake, na kweli alikuwa nao. Mguu ulitiwa vyuma. Mama hakusimama jikoni kwa zaidi ya mwaka, mtaji ukaliwa, mtoto wake wa kwanza akaacha masomo ya chuo kwa muda ili ashike sufuria. Gari lile lilikuwa na bima hai. Hakuna aliyemwambia, si dereva, si wazee, si askari aliyemwandikia PF3, ile fomu ya polisi ya kupatia matibabu. Ndugu yake mwenye ufahamu kidogo wa sheria alipolizungumzia suala la bima, miaka mitatu ilikuwa imepita, na kwa sheria yetu ya ukomo, madai ya aina hiyo hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Nimeeleza habari zake kwa kirefu kwa sababu kisa chake kimebeba karibu kila kinachoharibika. "Tumalizane" ina heshima yake kwetu. Inaokoa muda, inazuia uhasama, inamwepusha dereva na mahabusu. Ila inapomhusu mtu aliyevunjika, inafanyika kabla mtu yeyote hajajua mguu utapona au la, na inaamuliwa na kilichomo mfukoni mwa dereva siku hiyo. Kampuni ya bima, iliyopokea ada mwaka mzima kwa ajili ya tukio hilohilo, haipati hata taarifa. Dereva naye anatoa pesa yake ya ada ya shule ya watoto kulipia kitu alichokwisha kukilipia.

Njia halali si nyepesi, na sitaki kumdanganya msomaji. Ajali iripotiwe polisi, majeruhi apate PF3, mchoro wa eneo la ajali uchorwe, gari likaguliwe, na mwenye gari aitaarifu kampuni yake mapema. Kesi ya trafiki ikifunguliwa, kampuni nyingi hutaka kuona hukumu yake kabla ya kuzungumza fidia. Majeruhi asiporidhika anaweza kufungua madai mahakamani dhidi ya dereva na mwenye gari, na hapo sheria ina meno ambayo wengi hawayajui: mahakama ikishaamua, kampuni inawajibika kulipa hukumu ya mtu wa tatu mara nyingi hata inapokuwa na ugomvi na mteja wake yenyewe. Imlipe kwanza aliyeumia, halafu ikadaiane na mteja wake. Sharti kubwa ni kwamba kampuni iwe imetaarifiwa kwa wakati kuhusu shauri hilo, na mawakili wasiozoea kesi hizi hujikwaa hapo.

Kuna wakati mlango wa kubisha hodi ulikuwa mmoja tu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya bima ilitaifishwa, na kwa karibu miaka 30 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake Tanzania Bara, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Leo kampuni ni nyingi, mawakala hawahesabiki, na pamoja nao wakaja wauza stika feki. Dereva analipa nusu bei chini ya mwavuli, anapewa karatasi yenye muhuri, anaondoka akiamini ana bima. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imejibu kwa kuhamishia stika kwenye mfumo wa kielektroniki. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba uko wazi kwa kila mtu. Unaingiza namba ya usajili wa gari, unaonyeshwa bima kama ipo hai, kampuni iliyoitoa na siku itakapoisha. Mama yule wa Mbagala angeweza kuangalia gari lililomgonga akiwa kitandani, kwa simu ya mwanawe. Ukikata bima leo, usitoke mbele ya wakala kabla hujaiona kwenye mfumo kwa macho yako. Na lipa ada yote, kwa sababu sheria yetu haitambui bima ya mkopo: ada haijalipwa, bima haipo.

Majirani zetu wamepata somo jingine kwa machungu. Kenya imeshuhudia kampuni zilizobeba bima za matatu zikianguka moja baada ya nyingine, United Insurance ikiwekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, huku majeruhi wakibaki na hukumu za mahakama mkononi na hakuna wa kuwalipa. Mfuko wa kuwafidia wenye bima uliopo huko una kikomo cha Sh250,000 za Kenya kwa dai moja, na sheria yao imeweka ukomo wa Sh3 milioni za Kenya kwa anachoweza kudai mtu mmoja kutoka kwa kampuni. Kinachozidi hapo ni cha mwenye gari. Kwa hiyo bei ya chini kuliko wote isikupumbaze. Ulizia kwa watu waliowahi kudai, si kwa watu waliowahi kununua.

Sasa bima kubwa. Hii ni ya hiari, isipokuwa benki iliyokukopesha ikilazimisha. Inabeba yote ya bima ndogo, na juu yake inalipa gari lako lenyewe likigongwa, likipinduka, likiungua au likiibwa. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu ambayo mawakala wengi hawaitaji: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Mwenye gari la kawaida anayelilaza nje, asiye na uwezo wa bima kubwa, aiulizie.

Kiwango cha bima kubwa kwa gari binafsi kimekuwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la Sh20 milioni linalipiwa Sh700,000, na kodi inaifikisha Sh826,000. Hapa ndipo watu wanapojichimbia shimo. Anakuja mtu na gari la Sh20 milioni, anaandikisha Sh12 milioni ili alipe Sh495,600 tu. Ameokoa Sh330,400 na anatoka akitabasamu. Miezi michache baadaye anagonga nguzo, gereji inamwambia matengenezo ni Sh5 milioni. Mkadiriaji wa kampuni anaona gari liliandikishwa kwa asilimia 60 ya thamani yake, basi anapewa asilimia 60 ya hasara, yaani Sh3 milioni, na hapo bado hajakatwa ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hubeba mwenyewe, ambayo mawakala huiita ekses. Akijumlisha, amepoteza zaidi ya Sh2 milioni kwa sababu ya Sh330,400. Na kinyume chake hakisaidii: ukiandikisha gari la Sh12 milioni kuwa ni la Sh20 milioni, likiibwa utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, umechangia ada ya bure.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni matumizi. Gari limekatiwa bima ya binafsi, jioni mwenyewe anawasha programu ya simu na kubeba abiria. Pikipiki imeandikwa ya binafsi, kila siku iko kijiweni kwenye bodaboda. Kampuni ilikubali hatari ya gari linalokwenda kazini na kurudi, haikukubali hatari ya gari linalozunguka Dar es Salaam saa 14 kwa siku. Dai likifika, abiria waliokuwamo wataeleza walilipa nauli, na mazungumzo yatakuwa magumu kuanzia hapo. Tofauti ya ada kati ya binafsi na biashara inauma, naelewa. Lakini kijana wa bodaboda ndiye anayehitaji bima sahihi kuliko mtu yeyote barabarani. Pita wodi za Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili uone wamelazwa akina nani.

Mengine nitayapita haraka. Leseni ya dereva iwe hai na ya daraja la gari analoendesha, pamoja na yule binamu unayemwazima gari wikiendi. Pombe inaua dai lako la bima kubwa. Kadi ya gari ibadilishwe jina unaponunua gari la mkononi, kwa sababu bima ni mkataba wa mtu na kampuni, haiuzwi pamoja na matairi. Wapo wanaoendesha miaka miwili kwa jina la aliyewauzia, na siku ya ajali wanaanza kumtafuta mtu aliyehamia Mwanza. Baada ya ajali piga picha, chukua namba, toa taarifa kituo cha polisi na kwa kampuni, na usimpe fundi ruhusa ya kufungua hata boneti kabla mkadiriaji hajaliona gari.

Kuhusu vioo vya pembeni na taa, kila anayeegesha gari Dar es Salaam anajua habari zake. Watu wanachonga namba za usajili kwenye vioo, kwenye taa, hata kwenye swichi za kufungulia madirisha, na bado asubuhi wanakuta waya zinaning'inia. Katika hati nyingi wizi wa vipande vya gari una kikomo chake, au haumo kabisa hadi uombe na kuongeza kiasi fulani. Vilevile kioo cha mbele, vilevile redio, na mara nyingine vilevile mafuriko. Aliyewahi kuona magari yakielea Jangwani msimu wa masika asikubali kuondoka bila kuuliza hilo la mwisho na kuonyeshwa jibu lake kwenye hati.

Madereva wa masafa nao wana lao. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma halivuki na bima ya nyumbani peke yake. Linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza miaka ya 1980, ambao Tanzania imebaki nao ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo inamlinda mtu wa tatu wa nchi nyingine kwa sheria za nchi yake, na inaongezwa juu ya bima ya nyumbani.

Mtu akiniuliza achukue ipi, namuuliza gari lake lina thamani gani na akilipoteza kesho itakuwaje. Mwenye gari la Sh8 milioni atalipa Sh330,400 kwa bima kubwa. Kama gari hilo si la mkopo na si kitega uchumi chake, binafsi namshauri achukue ndogo, aichukue sawasawa, na tofauti ya pesa aitumie kuongeza kinga ya ajali kwa dereva na abiria wake. Gari la Sh8 milioni likiharibika utalia, kisha utapanda mwendokasi, na maisha yataendelea. Mguu wa mtu mwingine huwezi kuulipa kutoka mfukoni, wala mazishi ya baba wa watoto wanne. Lakini kama bajaji ni ya mkataba na ndiyo inayoleta unga nyumbani, au gari limebeba mkopo wa miaka mitatu, kukaa bila bima kubwa ni kucheza kamari na chakula cha familia.

Yote hayo ni ya mwenye gari. Aliyegongwa bado hana msemaji, na wa hali mbaya zaidi ni yule aliyegongwa na gari lililokimbia, au lisilo na bima kabisa. Uingereza, waliotuachia sheria hii, waliliona pengo hilo mapema, na mwaka 1946 kampuni zao za bima zilianzisha chombo cha pamoja cha kuwafidia wahanga wa namna hiyo. Afrika Kusini, Botswana na Namibia zina mifuko ya ajali inayochangiwa kupitia tozo kwenye mafuta, kwa hiyo kila anayejaza tangi amemchangia majeruhi. Mfuko wa Afrika Kusini umeandamwa na madeni makubwa, tusiuige kwa upofu, ila wazo la kwamba majeruhi asiadhibiwe kwa kuwa aliyemgonga alikimbia ni la haki, na Bunge letu lina wajibu wa kulijadili.

Lipo hata jambo dogo lisilohitaji Bunge wala bajeti. Askari anapoandika PF3 ya majeruhi wa ajali ya barabarani, gari lililomgonga mara nyingi liko palepale kituoni na namba yake imeshaandikwa kitabuni. Mfumo wa TIRA uko kwenye simu yake. Aangalie, kisha aandike juu ya fomu ileile jina la kampuni ya bima, namba ya stika na siku bima inapoisha, na amwambie majeruhi au ndugu aliyemsindikiza: "Mama, gari hili lina bima, na una miaka mitatu ya kudai." Jeshi la Polisi na TIRA wanaweza kukubaliana hivyo wiki ijayo.